Virusi vya Makarius

Hildegarda hakuwa mwanamke wa kulialia. Alizaliwa kambini kwenye shamba la mkonge hapo Kimamba, baba yake manamba kutoka Songea, mama yake mwanika singa, zile nyuzi za mkonge, naye akakua huku akichomwa na miiba ya mkonge mpaka ngozi ikazoea. Akaolewa na Makarius, mlinzi wa getini shambani hapo hapo, mtu mrefu, mpole, mwenye kupenda kupiga saluti hata kwa watu wasiostahili. Mungu akawapa mtoto mmoja tu, Magreti, ambaye baadaye aliolewa Chanzuru. Basi tangu alipozaliwa mtoto huyo mke akawa mama Magreti, mume akawa baba Magreti, na majina yao ya ubatizo yakabaki kwa padri.

Ikaja miaka ya ruksa. Ruksa kuuza, ruksa kununua, ruksa mitumba, ruksa kila kitu isipokuwa kazi, maana kazi ndiyo iliyokwisha. Shamba la mkonge likatangazwa kuwa litauzwa kwa mwekezaji, na kabla mwekezaji hajafika, malori yakaanza kuingia mchana kweupe. Yakabeba mota, yakabeba mikanda ya mashine, yakabeba hata mabati ya paa la kiwanda. Makarius alirudi nyumbani siku hiyo akakaa kwenye kigoda, kofia mkononi.

"Tulikuwepo wote, mama Magreti," akasema. "Walinzi wote, na virungu vyetu. Tukayazunguka yale malori."

"Halafu?"

"Wakatuonyesha kibali. Kina mhuri. Tukafungua geti."

Hildegarda alicheka, kicheko kile cha kuuma meno. Alimwambia, "Na saluti ulipiga?" Makarius akaanza kuifuta kofia vumbi.

Geti likakosa cha kulinda, na Makarius akaenda kutafuta riziki Mikumi. Wakati ule Mikumi ilikuwa imechangamka, malori ya Zambia yanalala pale, nyumba za wageni zinaota kila mvua ikinyesha. Akapata kazi ya kulinda maegesho ya malori. Alikuwa akirudi Kimamba mwisho wa mwezi na sukari, sabuni na nguo moja ya mtumba. Hildegarda naye hakukaa bure. Alianza kuuza mitumba karibu na stesheni, kwenye turubai jirani na la Agnesi, mwanamke mwenye sauti kubwa na roho nzuri, ila mdomo wake, ewe Mola, ulikuwa hauna breki. Hivyo maisha yakasogea, si mazuri, si mabaya sana.

Tumbo lilianza kama mchezo. Makarius alipoiacha kazi ya Mikumi akarudi nyumbani, alikuwa analalamika kiungulia, chembe ya moyo inauma, ugali unakaa kifuani haushuki. Dukani wakamwambia ni vidonda vya tumbo, akatafuna vidonge vya magnesiamu mpaka midomo ikawa myeupe kwa unga. Akaacha pilipili. Akaacha maharage. Akaanza kutapika. Suruali zikawa zinamvuka, akajifunga mkanda wa katani, na Hildegarda akamshonea tena viuno vya suruali zote kwa mikono yake.

Mnajua miaka ile ilivyokuwa. Mtu akikonda tu, hukumu imeshatoka. Hakuna aliyekuuliza unaumwa nini. Walikutazama shingo, wakakutazama nywele, wakatazamana wenyewe. Huyu naye amekanyaga waya, ana ule ugonjwa, walisema. Agnesi hakumsema mbele ya Hildegarda, lakini wateja walipokuja turubaini alikuwa anashusha sauti ghafla, na Agnesi akishusha sauti, kila mtu anajua kuna jambo. Hildegarda alisikia yote, akayameza. Alimjua mume wake. Alikuwa tayari kuapa mbele ya altare kwamba Makarius hana hili wala lile.

Ndugu wakachanga, Makarius akapelekwa hospitali kubwa Dar es Salaam. Alikwenda peke yake kwa treni, kwa sababu turubai lisingeweza kufungwa. Huko wakamtia mpira wenye taa kooni mpaka tumboni, wakanyofoa kipande cha nyama, wakakipeleka kupimwa, akasubiri kwa binamu yake Buguruni. Aliporudi Kimamba hakuleta dawa. Hildegarda alimpokea begi pale stesheni, akauliza, "Wamesemaje?"

"Wamesema ni vidonda. Vitapona."

Jioni ile ile akachukua kikombe kimoja, sahani moja na kijiko kimoja, akaviweka pembeni kwenye kiboksi cha peke yake. Akatandika mkeka chumba cha mbele. Akakataa kunyolewa kwa wembe wa nyumbani. Hildegarda akiuliza, anaambiwa joto, anaambiwa kukohoa, anaambiwa mgongo. Mke akimgusa bega, mume anaruka kama aliyechomwa moto. Mambo hayo yakaenda hivyo wiki baada ya wiki, mvua za El Nino zikaanza kupiga, mto Mkondoa ukafurika, reli ikabebwa upande wa Kilosa, na ndani ya nyumba ile watu wawili wakawa wanasalimiana kama abiria.

Siku moja Hildegarda alichoka. Alikwenda kwenye kile kiboksi, akachukua kikombe cha mume wake, akamimina chai, akanywa yeye. Makarius aliruka kutoka mkekani akampiga kikombe mkononi, chai ikamwagika ukutani.

"Unataka kufa?" akapiga kelele. Halafu akakaa chini na kuanza kulia, mtu mzima, mlinzi. "Daktari kasema nina virusi, mama Magreti. Nimesikia kwa masikio yangu. Virusi vipo tumboni, kavikuta."

Wakati ule, virusi vilikuwa vya kitu kimoja tu. Redioni virusi, kwenye mabango virusi, padri kanisani virusi. Wala hakuna aliyeongeza "vya nini", kwa kuwa hakukuwa na haja. Kama vile ukisema "mjini" Kimamba, hakuna anayeuliza mji gani.

"Umevipata wapi?" akauliza taratibu.

Na hapo ndipo Makarius alipofanya lile alilolifanya. Alisema yote. Mikumi kulikuwa na mwanamke, Tumwagile, muuza supu kwenye maegesho, mtu wa Mbeya, mjane. Haikuwa siku moja. Ilikuwa tangu alipohamia mpaka aliporudi. Ile sukari na sabuni za kila mwisho wa mwezi, ni Tumwagile aliyekuwa akizichagua dukani, na hata gauni la maua ambalo Hildegarda alilipenda kuliko yote, ni yeye aliyesema, mpelekee mwenzangu hili.

"Nimekuua," Makarius akasema. "Nakwambia ili ukapime. Nisamehe."

Hildegarda hakupiga kelele. Alivua lile gauni, akavaa kanga, akafunga mzigo, akaondoka kwenda kwa kaka yake Munisagara. Alipita kwenye tope la reli iliyong'oka, akalala njiani kwa watu, akafika akiwa amevimba miguu. Alikaa huko mvua yote akipalilia mahindi ya kaka yake. Hasira ilimkaa kifuani kama ugali mbichi. Usidhani ilikuwa hasira ya kifo. Kifo kila mtu anacho. Ilikuwa hasira ya ile supu, ya lile gauni, ya kuapa moyoni kwa ajili ya mtu ambaye hakustahili kuapiwa.

Reli ilipotengenezwa alikwenda Morogoro kupima. Watu wengi walioingia mlango wa chumba cha kupimia waliingia wameinamisha vichwa, na yeye aliinamisha chake. Alipoitwa kupokea majibu, alikuwa ameshapanga moyoni gauni lipi avikwe akifa. Akaambiwa hana kitu. Akaomba waangalie tena. Wakaangalia tena, hana kitu.

Akarudi Kimamba. Alimkuta Makarius amebaki mifupa na macho, Magreti kaja kutoka Chanzuru kumhudumia. "Mimi sina," Hildegarda akasema kutoka mlangoni. Makarius akamshukuru Mungu kwa sauti, machozi yanamtoka, kwamba kamwadhibu mwenye kosa na kumwacha asiye na kosa. Lakini Hildegarda alikuwa na akili ya sokoni, na hesabu ile haikumwingia. Miaka yote ile, mume huyu, kitanda kimoja, halafu yeye hana? Akambeba mgonjwa mpaka Morogoro naye apimwe. Naye hakuwa na kitu.

Basi ni virusi gani? Wakapanda treni kwenda Dar es Salaam, safari hii wote wawili, mume amelalia mapaja ya mke kwa sababu hakukuwa na pa kulalia pengine.

Daktari mwenyewe, Dokta Kasiani, alikuwa kijana kuliko walivyomtegemea. Alisimama alipomwona Hildegarda. "Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Ulimwambia mume wangu ana virusi."

"Nilimwambia. Na nikamwambia arudi Jumatatu alazwe, tumpasue. Hakurudi! Nimeuliza kila mahali. Alikuwa wapi?"

"Alikwenda nyumbani kufa kwa UKIMWI."

Dokta Kasiani akashika kichwa. Akakaa. Kwa muda alikuwa anamtazama Makarius, halafu mkewe, halafu Makarius tena. "Mungu wangu," akasema. "Mama, virusi si jina la ugonjwa mmoja. Mafua ni virusi. Surua ni virusi. Hivi vya kwake mimi ninavyo, na wewe karibu hakika unavyo, na wale wote unaowaona dirishani. Tunavipata utotoni, kwa mate. Mama anamtafunia mtoto chakula, watoto wanagombania kikombe, basi, vimeingia. Vinalala mwilini maisha yote na mtu anazeeka navyo asijue. Kwa wachache sana tunavikuta ndani ya saratani ya tumbo. Nilimwambia saratani, vilevile."

"Ulisema," Makarius akasema kwa sauti ndogo. "Virusi ulivisema kwanza. Baada ya hapo sikusikia tena."

Daktari alianza kupekua faili. Hildegarda, ambaye hakutoka Kimamba kuja kutazama watu wakipekua mafaili, akasema, "Sasa vikiwa mle ndani vinafanya nini? Nieleze nielewe, maana nyumba yangu imeshavunjika kwa neno hilo."

Akaeleza, na kwa haki, alieleza vizuri. Mwili una askari wake, akasema, wanaozunguka kwenye damu wakitafuta wageni. Saratani ya kawaida ya tumbo ukiitazama kwenye darubini, mara nyingi unaikuta imejikalia, askari ni wachache, kwa sababu imetokana na mwili wenyewe na inafanana na wenyeji. Lakini saratani yenye virusi hivi ni tofauti. Virusi vinawashtua askari, wananusa ugeni, wanakuja kwa wingi na kuingia mpaka katikati ya uvimbe, wamebanana nao. "Kipande tulichomnyofoa kilikuwa hivyo. Kimejaa askari. Nilifurahi nilipokiona, na ndiyo maana nilianza na hilo neno. Nilidhani nampa habari njema. Uvimbe wa namna hii unachelewa kusambaa. Mtu akikatwa mapema, ana nafasi kuliko wenzake."

"Kama askari wamejaa hivyo," Hildegarda akauliza, "mbona hawakuuua?"

"Hapo ndipo tunapokwama, mama. Wanafika, wanauzunguka, halafu wengi wanasimama tu. Kuna kitu uvimbe unawaambia. Wenzetu wanakitafuta. Siku kikijulikana, pengine patakuwa na dawa ya kuwaamsha wale askari wafanye kazi yao. Leo hatuna. Leo tuna kisu."

Makarius, aliyelala kwenye benchi macho yamefumba, akasema, "Umewaonyesha kibali."

Daktari hakuelewa. Hildegarda alielewa, na kwa mara ya kwanza tangu mvua zile alitamani kumshika mkono. Hakumshika.

Wakampasua wiki ile. Hildegarda alikaa nje kwenye saruji, na Dokta Kasiani alipotoka mapema mno hakuhitaji kuambiwa. Uvimbe uliochelewa kusambaa ulikuwa umepewa muda wa kutosha, miezi yote ile ya kikombe cha peke yake na mkeka chumba cha mbele. Umeshafika kwenye ini, umeshatapakaa utando wa tumbo. Wamefungua, wameona, wamefunga.

"Angekuja ile Jumatatu?" akauliza.

"Mama, usiniulize hilo."

"Nimekuuliza."

"Angekuja, pengine tungezungumza habari nyingine."

Wakarudi Kimamba. Hildegarda alimuuguza, neno lisiongezwe hapo, alimuuguza vizuri. Alimwosha, alimgeuza, alimlisha uji kijiko kwa kijiko, na uji uliporudi alifuta na kuanza upya. Kikombe walikunywa kimoja. Lakini alimwita Makarius. Hakumwita tena baba Magreti, na mgonjwa alilisikia jina lile kila mara kama mtu anayeitwa ofisini.

"Mke wangu," akasema siku moja, "hujanisamehe."

Hildegarda alikuwa anamkausha miguu. Hakuacha kukausha. "Ungekuwa nao UKIMWI ningekusamehe," akasema. "Kweli kabisa. Ningesema, amekosa, na kosa lake ndilo linalomuua, tumemalizana. Sasa wewe unakufa bure, Makarius. Unakufa kwa mate ya mama yako. Kosa lako limebaki zima, limekaa hapa ndani na mimi, wala halina wa kulilipa. Nilifanyeje?"

Makarius alilia bila sauti, nguvu ya sauti hakuwa nayo. Baadaye akaomba kitu kimoja. Watakaposoma historia ya marehemu pale kaburini, wasiseme "aliugua kwa muda mrefu". Kila mtu alijua maana yake. Wote waliokufa kwa ule ugonjwa waliugua kwa muda mrefu, hakuna hata mmoja aliyetajiwa jina. "Wasiniweke kwenye fungu hilo, nami simo. Wataje saratani. Magreti atasemwa kwa wakwe zake. Wewe mwenyewe hakuna atakayegusa nguo zako turubaini. Niahidi."

"Watataja," Hildegarda akasema.

Alikufa kabla mahindi hayajakauka shambani. Watu walikuja wengi, maana Kimamba msiba haususiwi, lakini Hildegarda aliona mengi kwa jicho la pembeni. Aliona walioosha mwili wamefunga mifuko ya plastiki mikononi. Aliona wakwe wa Magreti kutoka Chanzuru wamekaa mbali na sufuria.

Kaburini katekista akasoma. Kuzaliwa, kubatizwa, ndoa, kazi. Akafika kwenye ugonjwa, akasoma kama alivyoelekezwa: marehemu alisumbuliwa na saratani ya tumbo, akapasuliwa Dar es Salaam. Watu wakaguna. Guno lile halikuwa kubwa, lilipita tu kama ng'ombe anavyopumua, na mtu wa nyuma akasema, siku hizi wote ni saratani, na wengine wakacheka kwa pua. Magreti akainamisha kichwa.

Hildegarda alisimama. Mjane hasemi kaburini, hiyo alijua.

"Mume wangu hakuwa na UKIMWI," akasema, na ugonjwa ule akautaja kwa jina lake waziwazi mbele ya padri na watoto. "Tulipima Morogoro. Nilipima mimi, akapima yeye. Hatuna. Virusi alikuwa navyo, lakini ni vingine, vya utotoni, hata wewe hapo unavyo. Mwili wake ulijaza askari mpaka tumboni kupigana navyo. Anayebisha akamuulize daktari."

Wengine walianza kutikisa kichwa kwa kukubali, na mkwe mmoja wa Chanzuru akashusha mikono aliyokuwa ameikunja. Heshima ya marehemu ilikuwa karibu kupona, jamani, karibu kabisa. Ndipo Agnesi aliyekuwa amesimama pale mbele, wala si kwa ubaya, Agnesi hakuwa na ubaya, ni ule mdomo tu, akauliza:

"Sasa mama Magreti, mtu na mkewe, wanandoa wa kanisani, kilichowapeleka kupima ni nini?"

Na kweli. Nani wakati ule alikwenda kupima bila sababu? Macho yote yakamgeukia. Hildegarda alitazama sanduku. Mikumi ilikuwa kwenye ulimi wake, na Tumwagile, na supu, na lile gauni. Ni kuyatema tu, na kila mtu pale angempa pole ya kweli, na kila mtu angeondoka amejua Makarius alikuwa mtu wa aina gani. Alikuwa na haki hiyo. Hakuna ambaye angemlaumu. Alifungua mdomo, akaona binti yake anamtazama.

"Ni mimi," akasema. "Baba Magreti hakuwa na neno. Mimi ndiye niliyekuwa na wasiwasi na nafsi yangu."

Kaka yake kutoka Munisagara, aliyekuwa amemshika, alimwachia mkono. Saratani hawakuiamini, majibu ya Morogoro waliyaamini nusu nusu. Lakini hilo, kwamba mke ndiye aliyetoka nje, Kimamba nzima ililiamini papo hapo.